Fundi Lukmani na Gari la Wagonjwa Lililovuja Mlimani

Jumamosi, tarehe 30 Juni 1956, Bwana Lukmani Muhidini, fundi mkuu wa gereji yetu ya Bukoba, atavua ovaroli na kustaafu baada ya kutumika hapa miaka ishirini na tisa. Wengi wetu tulimkuta. Wachache walioanza pamoja naye wamekwisha kurudi mashambani kwao. Wenzangu wameniomba mimi, mtunza stoo, niandike habari zake kwa ajili ya gazeti letu la wafanyakazi, kwa kuwa wanadhani mtu aliyempa fundi spana na kuzidai tena miaka yote hii lazima anamjua. Nitajaribu. Nitakapokosea atanisahihisha mwenyewe, kama alivyozoea.

Bwana Lukmani alizaliwa hapa hapa mjini. Baba yake, marehemu Mzee Muhidini, alikuwa mshona kanzu aliyetoka Pangani, akaoa binti wa Kashozi na asiondoke tena. Kwa hiyo mtoto alikua na Kiswahili cha baba sebuleni na Kihaya cha mama jikoni, na hata leo akigombana na nati iliyoshika kutu huanza kwa lugha moja na kumalizia kwa nyingine. Baba alitaka amrithishe cherehani. Kijana akaifungua cherehani yote vipande vipande ili aone kinachoizungusha, akairudisha, na ikashona vizuri kuliko mwanzo. Mzee Muhidini alikubali kwamba huyu si mshonaji.

Mwaka 1927 aliajiriwa kuwa utingo katika malori yaliyoleta kahawa gatini kutoka upande wa Muleba. Gari likiharibika njiani, matingo wenzake walitafuta kivuli. Yeye alitambaa chini ya gari akatazama. Fundi wetu wa siku zile, Singasinga mkali aliyeogopwa na wote, alichoka kumvuta kwa miguu atoke uvunguni, akaamua kumfundisha. Baada ya miaka michache utingo akawa fundi msaidizi, na yule Singasinga alipoondoka kwenda Mwanza, akamwachia sanduku lake la vifaa.

Wakati wa vita, spea zilipokosekana kabisa, Bwana Lukmani ndiye aliyetufanya tuendelee kutembea. Alishindilia tairi kwa majani makavu ya migomba pale mipira ya ndani ilipokwisha, na lori likaenda, ingawa dereva aliteremka akiwa amefupika kidogo. Wazee wa gereji bado wanakumbuka pia msimu ule wa senene, panzi wanaoliwa huku kwetu, ambapo lori lilisimama njia ya Muleba kwa sababu wadudu walikuwa wamejaa kwenye rejeta na injini imechemka. Fundi alifika tayari kuisafisha, akakuta abiria wamekwisha kuisafisha wenyewe kwa vidole, hawakuacha hata senene mmoja. Kazi yake ikawa kuongeza maji tu, na akarudi mjini na fungu lake limefungwa kwenye jani.

Lakini mtu akiniuliza kwa nini namheshimu Bwana Lukmani, simtajii tairi wala senene. Namsimulia habari za gari la wagonjwa.

Vita vilipokwisha, gereji ilipata lori moja la jeshi lililochoka. Hospitali ya misheni iliyoko kwenye mwinuko upande wa Muleba ilikuwa ikiomba gari kwa muda mrefu. Mgonjwa wa kijiji cha mbali wakati ule alibebwa kwa engozi, yaani machela ya kusukwa ambayo wanaume hupokezana mabegani, na wengi walifika wamechelewa. Ikaamuliwa lile lori ligeuzwe kuwa gari la wagonjwa, na kazi akapewa Bwana Lukmani.

Aliifanya kazi ile kama mtu anayejenga nyumba ya binti yake. Alilibandua lori lote likabaki fremu na injini, akajenga juu yake chumba cha mbao chenye vitanda viwili upande mmoja, kimoja juu ya kingine, na benchi la muuguzi upande wa pili. Ili apate nafasi ya mlango na ngazi, alilitoa tangi la petroli ubavuni akalihamishia nyuma, chini ya sakafu. Kutoka huko akalaza bomba jipya la shaba, refu, mpaka kwenye injini. Likapakwa rangi nyeupe. Siku lilipokabidhiwa, mwanzoni mwa mwaka 1949, watu walikuja kulishika kwa mikono. Vijijini hawakuliita gari la wagonjwa. Waliliita Engozi.

Dereva wake alikuwa Bwana Yoeli Rwegasira wa Ijumbi, Mlutheri mcha Mungu aliyeendesha huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Muuguzi wake alikuwa Bibi Kokwijuka, mkunga aliyesomea kazi yake, mwanamke wa maneno machache na macho makali.

Haikupita miezi mingi petroli ikaanza kuisha kabla ya wakati wake. Gari likijazwa mjini, lilitarajiwa kwenda Ngenge, kule bondeni, na kurudi hospitali likiwa na akiba. Sasa lilirudi likikohoa. Ofisini wakauliza petroli inakwenda wapi. Bwana Yoeli akajibu kwamba hajui. Gari likaletwa gereji, na Bwana Lukmani akalikagua. Aliliweka juu ya magogo, akapitisha mkono kwenye bomba zima, akaliacha limesimama tangu asubuhi hadi jioni juu ya karatasi safi. Karatasi ilibaki safi.

Akasema mbele ya watu, "Hakuna kinachovuja."

Lilikuwa neno la kweli kwa kadiri alivyoona. Lakini kama gari halivuji na petroli haipo, basi kuna mtu anayeichukua, na mtu aliyekuwa karibu nayo alikuwa mmoja. Bwana Yoeli alinyang'anywa usukani akawekwa kuosha magari. Hakufukuzwa, ila habari zilifika Ijumbi kabla yake. Mkewe akaanza kuchota maji peke yake, kwa kuwa wenzake walinyamaza alipofika kisimani. Bwana Yoeli mwenyewe aliacha kuimba. Namkumbuka akisugua magurudumu bila kuinua kichwa, na mtu akimsalimu alijibu salamu hiyo tu, basi.

Ilikuwa katikati ya Ramadhani Bibi Kokwijuka alipoingia gereji na blanketi limekunjwa kwapani. Hakuwa mtu wa kuja mjini bila sababu. Alimsalimu Bwana Lukmani, akalikunjua blanketi juu ya meza ya kazi.

"Fundi, umesema gari halivuji."

"Nimelitazama mwenyewe, Bibi Nesi."

"Hili ni blanketi la kitanda cha chini. Linuse."

Alinusa. Lilikuwa blanketi la hospitali, limefuliwa, na bado lilinuka petroli.

Bibi Kokwijuka akaendelea kwa sauti ile ile. "Tukiwa barabara ya tambarare sisikii kitu. Tukipanda kutoka Ngenge, harufu inakuja, wagonjwa wanatapika, mimi kichwa kinaniuma. Tukifika juu inakwisha. Nilimwambia dereva mpya, akasema ni harufu ya kawaida ya magari. Na mle ndani jioni tunawasha taa ya chemli."

Bwana Lukmani alikaa juu ya sanduku lake. Mimi nilikuwa dirishani pa stoo na nilimwona akilishika lile blanketi magotini kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua. Angeweza kusema mengi. Gari lile lilikuwa fahari yake na fahari ya gereji nzima, na alikuwa amekwisha kutoa neno lake hadharani. Badala yake akasema, "Mimi nililitazama likiwa tupu na limesimama. Wewe unapanda nalo likiwa na watu. Hatukutazama gari moja."

Siku ile ile akalisimamisha Engozi. Ofisini hawakupenda, na hospitali walikasirika zaidi. Alijibu kwamba yeye ndiye aliyelijenga na yeye ndiye anayelikataza. Kisha akaomba jambo lililowashangaza wote: siku ya kulijaribu, dereva awe Yoeli Rwegasira, kwa sababu hakuna aliyejua kama yeye jinsi gari lile lilivyoshika ule mlima.

Tulikwenda asubuhi. Bwana Yoeli kwenye usukani. Bibi Kokwijuka kwenye benchi lake. Mimi na mwenzangu mmoja wa gereji juu ya vitanda kama wagonjwa, pamoja na magunia ya mchanga ya kuongeza uzito. Nilipewa kitanda cha juu nikaambiwa nisijisumbue kuugua kweli. Bwana Lukmani alikuwa ameng'oa ubao mmoja wa sakafu ili aone chini, na bomba lote la shaba alikuwa amelipaka chaki nyeupe, kavu. Chaki ikilowa petroli hubadilika rangi papo hapo, hata kwa tone dogo. Taa ilibaki gereji, na mwenye kiberiti mfukoni aliambiwa akiache.

Tulipita Ijumbi bila kusimama. Bwana Yoeli hakutazama upande wa kwao. Tukateremka hadi bonde la Ngenge, tukageuza, tukaanza kupanda. Bwana Lukmani alilala kifudifudi, uso kwenye lile pengo, vumbi likimwingia machoni. Kwenye kona ya pili gurudumu la nyuma liliingia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua za masika, gari zima likajikunja kama mtu anayegeuka kitandani, na mbao zikalia.

"Simama hapo hapo," akasema. "Usilisogeze. Zima."

Tukashuka wote, naye akatuita mmoja mmoja tutazame. Bomba lilikuwa limebanwa mahali pawili: kwenye fremu ya chuma, na mbele kidogo kwenye mbao za chumba. Kwenye barabara nzuri vyote viwili vilikwenda pamoja. Gari likijikunja na mzigo, chuma kilikwenda huku na mbao zikabaki kule, na bomba lililokuwa katikati likavutwa. Penye nati palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ulipovutwa ulifunguka, na petroli ikatoka, ikarushwa juu kwenye mbao za sakafu, chini ya kitanda cha wagonjwa. Gari likinyooka, ufa ulijifunga, na upepo wa njiani ukakausha kila kitu kabla ya kufika mjini. Shibiri moja kutoka hapo lilipita bomba la moshi, la moto.

Wa mwisho kutazama alikuwa Bwana Yoeli. Alichuchumaa pale muda mrefu kuliko sisi sote. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwizi ndiye huyu."

"Ndiye huyu," akajibu Bwana Lukmani. "Na aliyemweka humu ndani ni mimi."

Hawakupata nafasi ya kusema zaidi. Kutoka bondeni tulisikia watu wakiitana kwa pumzi za mzigo, na engozi ikatokea kwenye kona, wanaume wakikimbia mwendo mfupi mfupi. Juu yake alikuwa mwanamke kijana wa Ngenge aitwaye Verdiana, mwenye uchungu wa uzazi tangu jana yake. Mama yake na wanawake wengine walikuja nyuma, vumbi mpaka magotini. Walipoliona gari jeupe katikati ya njia, wale wabebaji walipunguza mwendo, na mmoja akaanza kucheka kwa faraja.

Bibi Kokwijuka alimpima pale pale chini, nyuma ya kanga zilizoshikwa na wanawake. Akarudi kwetu. "Mtoto amelala kwa upande tumboni. Mimi peke yangu simtoi. Anahitaji daktari, na anamhitaji leo."

Macho yote yakamgeukia Bwana Lukmani. Akamwendea yule mama, akamsalimu kwa Kihaya kwa heshima yote ya mkwe, kisha akamwambia kwamba kwa jinsi lilivyo gari lile hampakii mtu.

"Waitu, ndugu yetu, gari si hili hapa?"

"Ni hili, mama. Linamwaga petroli karibu na moto. Likiwaka na binti yako amelala ndani, hatutawahi hata kufungua mlango."

Mama akawageukia wabebaji. "Mwinueni. Miguu yetu haivuji."

Bibi Kokwijuka akatikisa kichwa. Kwa miguu hadi hospitali, alisema, Verdiana asingefika. Wale wanaume wakasimama na engozi nusu mabegani, nusu chini, wasijue wamsikilize nani. Niliona jasho limemtoka Bwana Lukmani usoni, na halikuwa la jua.

"Mama," akasema, "nipe muda wa kuivisha ndizi jikoni. Nikishindwa, mimi nami nitaingia bega chini ya engozi."

Yule mama alimtazama, kisha akaketi kando ya binti yake.

Nimeona mafundi wengi wakifanya kazi haraka. Sijaona mwingine aliyefanya haraka bila kuonekana ana haraka. Kwanza tulishusha magunia ya mchanga. Kisha akafungua tangi chini na kumwaga petroli yote kwenye madebe tuliyokuwa nayo, na mwenzetu akayapeleka mbali kando ya njia akabaki kuyalinda, ili chini ya mgonjwa pasibaki petroli ya kuvuja. Akalikata bomba lililopasuka. Mwisho uliotoka kwenye tangi alitaka kuuziba, akauliza kama kuna sabuni. Bibi Kokwijuka alitoa kipande cha sabuni ya hospitali mfukoni mwa aproni. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli. Aliifinyanga ikawa kama ugali mgumu, akaisukuma ndani ya bomba, akafunga kwa kitambaa na waya.

Sasa gari lilikuwa salama, na halikuwa na njia ya kupata petroli. Akabakiza debe moja. Likiwekwa juu kuliko kabureta, petroli ingeshuka yenyewe bila pampu. Kilichokosekana ni mpira wa kuishushia.

"Kwenye begi langu mna mpira wa enema," akasema Bibi Kokwijuka.

"Ni mrefu?"

"Unamtosha mtu mzima."

Hata mama yake Verdiana alitabasamu. Bwana Lukmani aliuingiza mpira ndani ya debe, akavuta kwa mdomo petroli ianze kushuka, ikamjaa kinywani. Aliitema, akasukutua kwa maji ya muuguzi, akatema tena. Akaunga mpira kwenye kabureta. Bwana Yoeli akapiga moto, injini ikashika.

Tulimpandisha Verdiana kitanda cha chini, mama yake na Bibi Kokwijuka kando yake. Upande mmoja wa boneti tuliuacha wazi. Bwana Lukmani alikaa juu ya madigadi, mguu mmoja ameunasisha kwenye taa ya mbele, akalikumbatia lile debe kifuani kama mama abebavyo mtoto anayelia. Mimi nilikaa kando ya dereva. Walipatana kwamba fundi akigonga debe, dereva apunguze mwendo.

Ule mlima tuliupanda taratibu, kona baada ya kona. Kila gari lilipoyumba petroli ilimwagika kidogo, nayo ilimwagika kwake, mikononi na mapajani, wala hakugeuza mkono mahali alipoushika. Kwenye ule mfereji mbaya Bwana Yoeli aliupitisha mguu wa gari pembeni kabisa, kwa upole ambao sijauona tena kwa dereva yeyote. Tulipofika juu nilisikia sauti kando yangu. Bwana Yoeli alikuwa ameanza kuimba, kwa chini, kama zamani, na sidhani kama mwenyewe alijua.

Tulifika hospitali jua likiwa bado juu. Verdiana aliingizwa kwa daktari, na kabla ya magharibi Bibi Kokwijuka alitoka nje akatuambia kuwa ni mtoto wa kike, na wote wawili wako hai. Mama yake Verdiana alikuja akapiga magoti mbele ya Bwana Lukmani, akamshukuru kwa Kihaya. Yeye aliona haya, akapiga magoti naye, wakabaki hivyo wakishukuriana mpaka Bibi Kokwijuka alipomwinua fundi kwa kumwambia kuwa ngozi ya mikono yake imeanza kutoa malengelenge na inahitaji dawa. Verdiana alikaa hospitali wiki kadhaa, lakini alirudi kwao kwa miguu yake.

Kuhusu swaumu aliyokuwa nayo alipovuta petroli, Bwana Lukmani alikwenda kumwuliza shehe, akaamua ailipe siku ile baada ya Idi ili roho yake itulie. Shehe, nasikia, alimwambia kwamba amewafuturisha watu kwa tende na kwa uji, ila hajawahi kumsikia aliyefuturu kwa petroli.

Gari alilitengeneza upya kwa wiki nzima. Tangi alilijaza maji, akalimwaga, akalijaza tena, hata isibaki harufu, ndipo akathubutu kulisogezea moto wa kulehemu. Bomba jipya alilibana kwenye fremu peke yake, akalivisha ngozi kila lilipogusa chuma, na karibu na injini akalizungusha mizunguko miwili kama mkia wa nguruwe, ili gari likijikunja bomba linyooke kidogo badala ya kuvunjika. Taa ya chemli akaiondoa, akaweka taa ya betri. Alieleza ofisini kosa lilikuwa nini na la nani, na Bwana Yoeli akarudishiwa usukani.

Wengine wangeona yamekwisha. Bwana Lukmani aliona kwamba jina la Bwana Yoeli halikuharibiwa ofisini, liliharibiwa Ijumbi. Basi Jumapili iliyofuata alivaa kanzu yake nyeupe, mikono bado ina bandeji, akapanda lori la asubuhi. Alisubiri nje ya kanisa mpaka ibada ikaisha, akamwomba mwalimu wa kanisa ruhusa ya kusema neno. Watu walimzunguka. Bwana Yoeli na mkewe walikuwa katikati yao.

"Mimi ndiye fundi wa lile gari," akasema. "Nilisema halivuji, na lilikuwa linavuja. Rwegasira hakuchukua petroli hata ya kujaza kibatari. Kosa lilikuwa kwenye mikono yangu. Nimekuja ili mlisikie kwangu, hapa mliposikia lile lingine."

Alisema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kihaya ili wazee wasikie sawasawa. Habari hizi nilizipata kwa mke wa Bwana Yoeli mwenyewe. Aliniambia kwamba mumewe alisogea mbele. Alimshika mgeni mkono penye bandeji, taratibu, akamwongoza mpaka nyumbani. Walimpikia ndizi, na kwa kuwa Idi ilikuwa bado, chakula kilifunikwa kikamsubiri mpaka jua lilipozama. Mwenyeji naye hakula.

Sitaki msomaji adhani walikuwa marafiki kuanzia jioni ile. Bwana Yoeli alikuwa ameumia, na maumivu ya jina hayaishi kwa sahani moja. Kwa muda mrefu alileta gari gereji, akaeleza kasoro yake, akaondoka. Lakini mwaka uliofuata shamba la mama yake Bwana Lukmani lilipoangushwa migomba na upepo, aliyefika Kashozi wa kwanza na panga na magongo ya kuegemezea alikuwa Bwana Yoeli.

Tangu wakati ule gereji yetu ina desturi moja ambayo wageni huicheka. Gari lolote tunalolibadilisha umbo, liwe basi, lori au gari la bwana fulani, halitoki mpaka lipakiwe mzigo wake kamili na kupandishwa mlima, na fundi aliyelitengeneza awe ndani. Mafundi wote aliowafunza Bwana Lukmani, na sasa wametapakaa mpaka Biharamulo na Mwanza, wameondoka na desturi hiyo. Bwana Lukmani akikuta kosa haanzi kwa kuuliza kwa nini. Huuliza liko wapi, mkalitazame.

Bwana Lukmani hana kasoro? Anazo. Hajui kuazima kifaa na kukirudisha siku hiyo hiyo, na mimi kama mtunza stoo nina haki ya kuliandika hili. Chai yake huiacha ipoe kisha hulalamika imepoa. Timu yake ya mpira ya mjini ikifungwa, siku ya pili si siku ya kumwomba ruhusa.

Mkewe, Bibi Ashura, anastahili asante ya pekee kwa ovaroli zote alizozifua na futari zote zilizosubiri gari la mtu. Binti yao Sada sasa ni mwalimu wa shule, na husema alijifunza hesabu kwa kuchambua nati pale sakafuni kwetu. Wazee hawa wanahamia Kashozi, kwenye kibanja cha migomba cha mama yake. Bwana Lukmani ametuambia atalima kahawa na hatagusa injini. Tunajua jirani yake ana pikipiki mbovu, na hatujaweka dau.

Jumamosi hiyo baada ya chai tutamsindikiza hadi langoni. Gereji ilikuwa imepanga gari dogo la kumpeleka nyumbani na vyombo vyake. Wiki iliyopita Bwana Yoeli Rwegasira, ambaye mwakani atastaafu naye, aliingia ofisini akaomba kazi hiyo apewe yeye. Alipoulizwa sababu alisema ile ni safari yake, basi, akatoka. Amepewa.

Bwana Lukmani, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ofisini, stoo, uwanjani na uvunguni mwa magari, nakushukuru. Ulitutengenezea magari, na ulituonyesha jinsi mtu anavyosimama mbele ya kosa lake bila kujificha. Wewe na Bibi Ashura tunawaombea afya, mvua za kutosha na wajukuu wa kusumbua. Ishini vema Kashozi, na mlango wa gereji utabaki wazi kwenu siku zote.

Datius Rugaibula
Mtunza stoo